Maswali na majibu: Maisha ya kazi ndani ya vita vya miaka minne

Wasomaji wengi wameniuliza kuhusu kazi yangu, yaani kufundisha na kuandika historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa mwaka 1861 hadi 1865 kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga. Nimeyachagua maswali sita. Mengine yalifanana, nikayaunganisha.

Shikamoo Mwalimu. Vita hivi vimeshaandikiwa vitabu maelfu kwa maelfu. Bado mnatafuta nini?

Marahaba. Nikupe mfano mmoja tu. Kwa zaidi ya miaka 100 tulifundishwa kwamba vita hivi viliua askari wapatao 620,000. Idadi hiyo ilinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, nami nimeisema darasani mara nyingi bila kujiuliza ilitoka wapi. Ilitokana zaidi na ripoti za jeshi, na ripoti za upande wa Kusini zilijaa mapengo, kwa sababu madaftari yalipotea na vikosi vilisambaratika. Mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker alipita njia nyingine. Alichukua sensa za kabla na baada ya vita, akatafuta wanaume ambao kwa hesabu ya kawaida walipaswa kuwa hai na hawakuonekana. Akafika kwenye vifo 750,000 hivi, huku akikiri kwamba huenda vilikuwa 650,000 au hata 850,000. Maana yake kuna maelfu kwa maelfu ya watu waliokufa bila hata kuhesabiwa, na ilichukua karibu miaka 150 kugundua kwamba hawapo. Usiniambie hakuna cha kutafuta.

Kazi yenyewe ya kila siku ikoje? Ni kusoma vitabu tu?

Vitabu tunasoma, lakini moyo wa kazi uko kwenye nyaraka. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Washington. Begi unaliacha nje, na kalamu ya wino vilevile. Ndani unaingia na penseli. Faili linaletwa. Karatasi zimekunjwa mara tatu na zimekaa hivyo tangu enzi za babu wa babu zetu, kwa hiyo unazifungua polepole kama unayemfungua mtoto nepi akiwa usingizini. Wino umegeuka kahawia.

Faili ninazozipenda kuliko zote ni za pensheni. Sheria ya Julai 1862 ilimpa mjane wa askari wa kawaida wa jeshi la Kaskazini dola 8 kwa mwezi, mradi athibitishe kwamba ndoa ilikuwapo. Aliyekuwa na cheti alituma cheti. Asiye nacho alichana ukurasa wa Biblia ya familia, ule wenye tarehe za ndoa na kuzaliwa kwa watoto, akautuma. Kurasa hizo bado zimo kwenye faili hadi leo, na kingo zake zilizochanika unaziona.

Sasa mfikirie mjane aliyekuwa mtumwa. Karibu wanaume Weusi 180,000 walilitumikia jeshi la Kaskazini, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Ndoa ya watumwa haikuwa na nguvu mbele ya sheria, basi cheti angekitoa wapi? Mwaka 1864 Bunge la Marekani likaruhusu wajane hawa walete mashahidi badala ya cheti. Wakaja watu waliokula nao siku ya harusi, wakunga waliopokea watoto, askari waliomwona mwenzao akizikwa. Mkaguzi wa serikali akakaa nao, akauliza, akaandika. Mwisho wa maelezo shahidi asiyejua kusoma aliweka alama ya X, na karani akaliandika jina lake kushoto na kulia kwa ile alama. Nimeziona alama hizo nyingi sana. Nyingine zimekandamizwa mpaka karatasi imebonyea, na hapo huwa nasimama kidogo, kwa sababu ndipo mahali pekee mkono wa mtu huyo ulipogusa historia iliyoandikwa.

Faili moja laweza kula siku nzima. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba kazi inakwenda polepole. Ndivyo inavyokwenda, na ukiharakisha, utayakosa majina.

Nimesoma kwamba vita vilikuwa vya kutetea haki za majimbo, wala si utumwa. Wanahistoria mnasemaje?

Tunasema someni walichoandika wenyewe wakati ule. Jimbo la Mississippi lilipojitenga mnamo Januari 1861 lilitoa tamko, na humo likaeleza waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Machi 21 mwaka huohuo, Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, alihutubia mjini Savannah akasema jiwe la msingi la serikali yao mpya ni imani kwamba mtu Mweusi hayuko sawa na Mzungu. Hoja kwamba utumwa haukuwa kiini ilipata nguvu baada ya kushindwa, na Stephens mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioieneza.

Linaloniuma ni kwamba taaluma yangu ilishiriki. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake waliandika historia ya miaka iliyofuata vita wakiwaonyesha waliotoka utumwani kuwa watu wasiofaa hata kupiga kura. Vitabu hivyo viliheshimiwa kwa miongo kadhaa. Mwanahistoria Mweusi W.E.B. Du Bois aliwajibu mwaka 1935 kwa kitabu kinene chenye hoja nzito, na wengi wa wanataaluma wenzake wakakipuuza.

Na tazama ilivyokuwa kwa mwanahistoria Mweusi kuzifikia hizo nyaraka. Mwaka 1939 John Hope Franklin, akiwa mwanafunzi wa Harvard, alikwenda hifadhi ya jimbo la North Carolina mjini Raleigh. Ukumbi wa kusomea ulikuwa wa Wazungu, kwa hiyo ikabidi kwanza atengewe chumba chake peke yake. Wahudumu Wazungu wasingetakiwa kumhudumia, basi akapewa ufunguo ajichukulie nyaraka mwenyewe. Baada ya muda mfupi watafiti Wazungu wakalalamika kwamba anapendelewa, naye akanyang'anywa ufunguo. Kila nikikabidhiwa faili bila kuulizwa mimi ni nani, namkumbuka.

Binti yangu anataka kuifuata kazi hii huko Marekani. Inachukua muda gani, na ajira zipo?

Mzazi mwenzangu, nitakwambia kweli. Baada ya shahada ya kwanza, shahada ya uzamivu huchukua miaka 6 hadi 8: madarasa, mitihani mikubwa, kisha tasnifu. Akipata nafasi chuoni, kwa kawaida atapimwa miaka kama 6 kabla ya kuthibitishwa, na katika vyuo vikubwa vya utafiti bila kitabu kilichochapishwa ni vigumu kupita. Nafasi za aina hiyo zimepungua sana tangu 2008. Mimi niliomba kwa miaka mitatu, nikifundisha vipindi vya kulipwa kwa muhula, kabla ya kupata moja.

Asiangalie chuo tu, lakini. Idara ya hifadhi za taifa inaajiri wanahistoria katika viwanja vya vita kama Gettysburg na Antietam. Kuna makumbusho, kuna kazi ya hifadhi za nyaraka, kuna miradi ya kuhariri na kuchapisha nyaraka, mmojawapo ukiwa ule wa Chuo Kikuu cha Maryland ulioanza 1976, unaochapisha barua na ushahidi wa watu waliotoka utumwani. Kwangu mimi mradi huo umefanya makubwa kuliko vitabu vingi vya majenerali.

Lazima uwe Mmarekani?

Hapana. Richard Carwardine ni Mwingereza, na kitabu chake kuhusu Abraham Lincoln kilipata Tuzo ya Lincoln mwaka 2004. Lazima uijue lugha na uwe na subira.

Kuna siku uliyolia kazini?

Ipo. Kwanza ujue kwamba katika sensa ya 1860 watumwa karibu milioni 4 waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi. Majina yao, isipokuwa wachache mno, hayakuandikwa. Walio wengi walianza kutajwa kwa majina kwenye sensa ya 1870. Kwa hiyo familia nyingi za Wamarekani Weusi zikitafuta ukoo wao hugonga ukuta mwaka huo.

Siku moja mama mmoja mtu mzima alikaa meza ya pili kutoka yangu na faili la pensheni, akashindwa kuusoma mwandiko. Akaomba msaada. Ulikuwa ushahidi wa mjane wa askari, bibi wa bibi yake. Mkaguzi alimuuliza alizaliwa na nani, naye akamtaja mama yake kwa jina, akasema aliuzwa akiwa bado anamnyonyesha. Nilimsomea mstari huo mara tatu kwa sababu alitaka kuusikia. Kisha akachukua penseli, akaliandika jina lile mara mbili: kwanza kama karani alivyoliandika, halafu kama linavyotamkwa kwao, maana dada yake mkubwa anaitwa hivyohivyo na hakuna aliyewahi kujua jina lilianzia wapi.