Jikoni Kusini: Tui Linalokatika, Unga Mchungu wa Muhogo na Mboga Isiyo na Dagaa

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: sufuria isiyo na nyama, samaki wala dagaa itoe vipi mboga ya kuliwa kila siku bila kuchosha. Kikombe tunachokitaja ni cha mililita 250.

Tui langu linakatika kila mara

*Mhariri, kila nikipika mbaazi za nazi mafuta yanaelea juu, chini kunabaki maji yenye chengachenga nyeupe. Kwa mama mkwe wangu halikatiki, na nazi tunachuma mnazi mmoja. Nakosea wapi? (Msomaji, Mikindani)*

Nazi usiilaumu, dada. Tui ni matone madogo ya mafuta yanayoshikiliwa ndani ya maji na protini ya nazi. Moto mkali ukiipata protini hiyo inagandana, inayaachia mafuta, nayo yanapanda juu. Uchachu nao hufanya kazi hiyohiyo, iwe wa ndimu, ukwaju au nyanya mbichi nyingi. Ukitia tui zito mapema, ukalifunika pamoja na nyanya, likachemka kwa nguvu, basi umeliita likatike.

Kwa watu watano chukua vikombe 2 vya mbaazi kavu. Zichambue, zioshe, ziloweke kwa maji mengi saa 8, kisha maji hayo yamwage. Zichemshe kwa maji mapya, bila nyanya wala kitu chochote kichachu, maana uchachu unakaza ganda na utamaliza mkaa bure. Nyingi huiva kati ya saa 1 na saa 1 na nusu. Zilizokaa ghalani tangu msimu wa nyuma zinataka muda zaidi, hasa kama ghala lilikuwa na joto na unyevu. Hizo unaweza kuzitilia magadi, ila yasizidi robo kijiko cha chai. Yakizidi, sufuria nzima inanuka sabuni. Mbaazi mbichi za kumenya hazilowekwi, na nusu saa huwa inazitosha.

Nazi iwe moja kubwa, iliyokomaa, ambayo ukiitikisa unasikia maji. Ikisha kukunwa, tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, kamua kwa kifumbu au kitambaa. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Machicha yarudishie vikombe 2 vya maji, kamua tena upate tui jepesi.

Sasa unga. Kaanga kitunguu maji kikubwa 1 kwa vijiko 2 vya mezani vya mafuta mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, tia nyanya 2 zilizokatwakatwa, uziache mpaka zipondeke kabisa na mafuta yajitenge pembeni. Hatua hii ndiyo wengi wanaikatisha. Nyanya iliyoiva nusu inaachia maji na ukali wake ndani ya tui. Mimina mbaazi, tui jepesi, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, kijiko 1 cha chai cha chumvi na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka. Acha ichemke dakika 15 bila kifuniko.

Kabla ya tui zito, punguza makaa na uponde upawa mmoja wa mbaazi humohumo ndani ya sufuria. Wanga wake husaidia kulishika tui. Mimina tui zito, koroga pole pole dakika 5 hadi 7, epua pale linapoanza kutoa mapovu pembeni. Wazee husema koroga upande mmoja tu. Upande hauna neno, muhimu mwiko usisimame. Anayetaka ndimu aikamulie kwenye sahani yake.

Likishakatika halina madhara, linaliwa. Epua upesi, ponda mbaazi zaidi, tia vijiko vichache vya maji baridi, koroga kwa nguvu. Halirudi lote, lakini sura inakuwa afadhali. Na mboga ya nazi usiilaze nje ya friji kwa ajili ya maandazi ya asubuhi. Kwa joto la pwani yetu inachacha kabla hakujapambazuka.

Unga wa muhogo mchungu, na kisamvu cha kufunikwa

*Shikamoo Mhariri. Kwetu nyama na samaki ni nadra, chakula ni ugali wa muhogo na kisamvu. Mvua ilikatika mapema na unga wa safari hii una uchungu. Tena jirani ananiambia nikikifunika kisamvu kitaiva upesi. Je, ni sawa? (Msomaji, Tandahimba)*

Marahaba. Tuanze na jirani: ushauri wake usiufuate.

Jani la muhogo lina kitu kinachozaa sumu ya sianidi, na lina kimeng'enya kinachoifungua sumu hiyo. Ndani ya jani zima viwili hivyo vinakaa mbalimbali. Ukitwanga vinakutana, sumu inageuka hewa na kutoka. Ukiyatia majani mazima kwenye maji yanayochemka, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabakia mlemle. Kwa hiyo kinu kwanza, moto baadaye. Twanga majani machanga mpaka yawe laini kabisa, yaache kwenye kinu au beseni kama dakika 15, ndipo uyabandike kwa maji ya kutosha na sufuria wazi. Chemsha dakika 30 hadi 40. Kifuniko kinarudisha mvuke ule uliotaka uondoke.

Kwa vikombe 4 vya kisamvu kilichotwangwa, tayarisha kikombe 1 cha karanga zilizokaangwa kavu na kusagwa. Usizimwage kama unga juu ya mboga inayochemka, maana zitafanya madonge, zizame na kushika chini. Zikoroge kwanza kwa kikombe 1 cha maji baridi, mimina, kisha kaa na mwiko wako kwa moto mdogo dakika 15. Tui zito, kikombe 1, linakuja mwisho. Ukipenda, tia nyanya chungu nne zilizopasuliwa wakati kisamvu kinachemka. Karanga zenye kuvu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa, na kuzichanganya na nzima ni kuziharibu nzima.

Unga ndio wenye uzito zaidi. Muhogo uliopata ukame huwa na sumu nyingi, na makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu juani yanabaki na sehemu kubwa ya sumu hiyo. Anayeula kila siku, wiki kwa wiki, bila vyakula vya protini anaweza kupata konzo, ugonjwa wa ghafla unaopooza miguu na usiopona. Umewahi kuripotiwa katika mkoa wetu wa Mtwara, basi usiuone uchungu huo kuwa suala la ladha peke yake.

Dawa yake haina gharama. Tia unga kwenye beseni, usawazishe bila kuushindilia, weka alama ya kimo chake upande wa ndani. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Kwanza unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya sinia pana au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Wanaoharibu ni wale wanaourundika mnene, hewa ya sumu ikakosa njia. Songa ugali siku ileile, kwa kuwa unga uliolowa ukilala unaota kuvu.

Zaidi ya hapo, sumu ikiwa kidogo mwili huitoa kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Nyumba isiyo na samaki ihakikishe kunde, mbaazi, choroko au njugu mawe zipo kwenye sahani kila siku, na ikiwezekana uchanganye unga wa muhogo na wa mtama au mahindi.

Bila dagaa mboga haina ladha

*Mimi ni kijana wa bodaboda, najipikia. Nimeacha dagaa na nyama lakini maharage na mchicha wangu ni kama chukuchuku, hata nikitia viungo vya paketi. Nifanyeje? (Msomaji, Lindi Mjini)*

Kijana, dagaa alikuwa anakuletea chumvi, harufu ya jua na moshi, na ule utamu mzito unaobaki ulimini. Viungo vya paketi vinarudisha chumvi tu. Hivyo vingine vitafutwe kwingine, na jiko lako la mkaa linatosha.

Utamu mzito anza nao kwenye kitunguu. Kikaange kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 12 mpaka kiwe kahawia. Kikigusa mafuta na kutiwa nyanya mara moja kinabaki cheupe, na mboga inabaki na ladha ya maji. Nyanya nayo iendelee mpaka iwe rojo nzito. Uyoga uliokaushwa, ukinunua wa kuaminika, loweka kiganja kimoja dakika 20, ukate, uutie pamoja na maji yake yaliyochujwa. Uyoga wa porini usioujua uache huko huko.

Moshi utaupata kwa kuchoma. Laza bilinganya moja na nyanya mbili juu ya makaa, uzigeuze mpaka ganda liungue na ndani kulegee, menya, ponda, changanya kwenye maharage. Mchuzi unabadilika kabisa.

Kisha ufuta, ambao mkoani Lindi si wa kutafuta mbali. Vijiko 3 vya mezani vikaange kavu kwenye kikaango dakika 3 hadi 5 bila kuacha kukoroga. Ukianza kudundadunda na kunukia, uhamishie sahani baridi hapohapo. Ukiuacha kwenye kikaango cha moto unaendelea kuungua na kuwa mchungu. Twanga na chumvi, unyunyizie mchicha ukishauepua.

Mchicha wenyewe unauonea. Ukioshwa unabaki na maji ya kutosha, usiongeze mengine. Tia kwenye kitunguu kilichokwisha kuiva, geuza dakika 3 hadi 5 bila kufunika, chumvi iwe mwisho kwa sababu majani yanasinyaa na ni rahisi kuikosea. Baada ya kuepua, matone ya ndimu. Mara nyingi mboga inayoonekana kukosa chumvi inakosa uchachu.

Na maharage, hasa mekundu, yachemke kwa nguvu walau dakika 10 za mwanzo kabla hujapunguza moto. Yakiiva nusu yana sumu ya asili inayotapisha.

Mchuzi wa korosho unaganda

*Nataka mchuzi mweupe wa korosho wa kulia wali na boga, lakini unatoka na mchangamchanga au unakuwa uji mzito. (Msomaji, Nachingwea)*

Mchangamchanga unatokana na korosho ambazo hazikulowekwa. Kikombe 1 cha korosho zilizobanguliwa (vipande vilivyovunjika ni bei rahisi na ladha ni ileile) kiloweke kwa maji ya moto nusu saa, mwaga maji, saga kwa blenda na kikombe 1 na nusu cha maji mapya mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chembe. Kama huna blenda, twanga zikiwa zimelowa, kisha uchuje.

Uzito unatokana na wanga ulio ndani ya korosho, unaovimba kwa joto. Mchuzi utie ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka mezani, kwenye boga lililoiva, dakika 5 tu za moto mdogo, na kikombe cha maji ya moto kiwe karibu. Nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa na punje 3 za kitunguu saumu vinatosha. Korosho hazitaki kelele nyingi.

Korosho ghafi, zenye ganda, usizichomee jikoni ndani ya nyumba. Mafuta ya ganda lake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo.

Kwa ufupi

*Tusiokula nyama tutaishiwa damu? (Masasi)* Madini ya chuma yamo kwenye mboga za majani na jamii ya kunde, ila mwili huyachukua kwa shida. Kula pamoja na ndimu, embe au bibo, na chai isogezwe saa 1 mbali na chakula, kwa kuwa inayazuia. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Asiyekula hata mayai na maziwa aongee na mhudumu wa afya kuhusu vidonge, na mjamzito asichelewe.

*Bamia bila utelezi? (Kilwa Masoko)* Zioshe zikiwa nzima, zikaushe kwa kitambaa, ndipo uzikate. Kikaango kiwe cha moto na bamia zisirundikane, dakika 6 hadi 8 bila maji wala kifuniko, nyanya au ndimu mwishoni. Ukiutaka utelezi, kama kwenye mlenda, geuza kila kitu: kata ndogo, tia maji, na ndimu usiiguse.

*Choroko huchukua muda gani kwenye jiko la gesi la mtungi mdogo? (Mwanafunzi, Mtwara Mjini)* Zilizolowekwa saa 4, kama dakika 30 hivi. Zichemshe dakika 10, zima gesi, funika na ufunge sufuria kwa blanketi nusu saa, kisha malizia dakika 10. Tui lake ni kama la mbaazi hapo juu.