Maswali ya Jukwaani: Pumzi, Koo na Wimbo Usiolipa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa waimbaji wa mahotelini, makanisani na kwenye sherehe za kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba kwa Waganda. Tumechagua tano. Swali la kwanza tumelipatia nafasi kubwa kwa sababu limeulizwa na zaidi ya mmoja, kila mtu kwa maneno yake.

Wimbo wa tatu pumzi inakata

*Naimba na kucheza mwenyewe, sina wachezaji. Nyimbo mbili za kwanza huwa sawa. Ya tatu nahema kama mbwa wa mawindo, na mwisho wa mstari sauti inapotea. Nakimbia kilomita tano kila asubuhi. Nakosea wapi?* – Mwimbaji, Jinja

Kaka, miguu yako ina pumzi. Koo lako ndilo halijafundishwa kugawana nayo. Ukikimbia kimya, unahema upendavyo. Ukiimba, hewa inatoka polepole kwa mstari mzima, halafu unabakiwa na nusu sekunde ya kuvuta nyingine. Mwili uliozoea kazi ya kwanza hauijui ya pili.

Punguza mbio zibaki siku mbili kwa wiki. Siku tatu nyingine ruka kamba dakika moja, iweke chini, na hapo hapo imba ubeti mmoja kwa sauti ya mazungumzo tu. Pumzika dakika moja. Rudia mara sita. Wiki ya tatu ruka dakika mbili. Wiki ya tano achana na kamba, cheza hatua zako zenyewe za shoo na uimbe nyimbo tatu mfululizo kwa mpangilio ule ule wa jukwaani. Mabega yakipanda kila unapovuta hewa, umeharakisha. Rudi wiki moja nyuma.

Kuna kosa lingine ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi mwimbaji anayehema hajaishiwa hewa, amejaa. Kwa hofu ya kukatikiwa anavuta hewa juu ya ile ambayo hajaitoa, kifua kinashikilia hewa iliyokwisha kutumika, mwili unadai mpya na nafasi hakuna. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, toa mabaki. Andika maneno ya wimbo kwenye karatasi, weka alama ya penseli kila mahali pa kuvuta na alama nyingine mahali pa kutoa. Mstari usio na mahali pa kuvuta wape waitikiaji, au nyoosha maiki kwa mashabiki wauimbe wao. Watafurahi, na wewe utakuwa unapumua.

Kipimo kizuri tunacho nyumbani: baksimba, ngoma ya Waganda. Kunja magoti kidogo, inua visigino, zungusha kiuno huku kifua kimetulia, na ushike noti moja ya "aaa" kwa sekunde kumi. Sauti ikitetemeka kama ya abiria wa boda kwenye barabara ya murramu, umekaza tumbo lote kwa pamoja. Legeza sehemu ya chini ya kitovu, acha kiuno na miguu vifanye kazi, jaribu tena. Wachezaji wazuri wa ngoma hii hucheka na kuzungumza huku kiuno kinakwenda, na huo ndio ulegevu unaoutafuta.

Vyuma havikatazwi. Kinachoumiza ni kubana pumzi na kuguna wakati wa kunyanyua, kwa sababu hapo nyuzi za sauti hugongana kwa nguvu. Nyanyua uzito unaoweza kuurudia mara 8 hadi 12, ukitoa hewa kwa "fff" kila unapopandisha, na siku ya shoo usiguse chuma. Na ukialikwa Kabale, fika mapema na upunguze hatua kidogo: kule ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kampala ni kama 1,200, na kifua kitaliona hilo kabla yako.

Tangawizi, mnanaa na whisky

*Kila Jumatatu sauti inakwaruza. Jumamosi naimba klabu, Jumapili kwaya. Wenzangu wananipa tangawizi mbichi, pipi za mnanaa, mwingine kijiko cha whisky. Kipi kinafaa?* – Dada wa kwaya, Mukono

Dada, hakuna hata kimoja kinachofika kwenye nyuzi za sauti. Ukimeza, nyuzi hujifunga na chakula hupita nyuma yake kwenye njia yake. Kikiingia huko utakohoa mpaka machozi. Tangawizi ya uvuguvugu inafariji koo, basi. Mnanaa unatia ganzi, nawe unaimba juu ya kidonda bila kukisikia. Whisky inaondoa woga na kukausha koo, nasi hatuioni faida.

Nyuzi zako zimevimba kwa kugongana saa nyingi bila siku ya kupumzika. Jumatatu na Jumanne ongea kidogo, kwa sauti ya kawaida. Usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha koo. Kunywa maji siku nzima, si chupa nzima dakika tano kabla ya kupanda, kwa sababu maji hupitia tumboni na kwenye damu kwanza. Mvuke wa bakuli la maji ya moto, dakika tano hadi kumi, unafika moja kwa moja. Yasiwe yanachemka, na bakuli likae mezani, lisiwe mapajani.

Zoezi la kurudisha sauti ni la mrija wa soda. Weka maji nusu glasi, zamisha mrija sentimeta mbili au tatu, kisha puliza mapovu huku ukiguna "uuu" kutoka chini kwenda juu na kurudi. Dakika mbili au tatu, mara tano kwa siku. Mapovu yatoke sawasawa. Yakirukaruka, unasukuma mno.

Angalia pia muchomo (nyama choma) na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) za saa nane usiku. Ukila ukalala hapo hapo, asidi ya tumbo hupanda na kuchoma koo, na asubuhi utadhani ni uchovu wa kuimba. Acha saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda, au weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kipande kipande cha sentimeta 15 hivi.

Mambo mawili si ya kujitibu. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, nyamaza hapo hapo, kwa maana huenda mshipa mdogo umepasuka kwenye uzi. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu huko, kwa hiyo usizimeze ili tu upande jukwaani. Na mkwaruzo ukipita wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Mulago, Kampala, wapo.

Maiki inapiga filimbi

*Kwenye sherehe za nje sijisikii, napiga kelele, halafu spika zinalia. Fundi ananilaumu mimi.* – Mbarara

Fundi ana haki nusu. Ukishika kichwa cha maiki kwa kiganja, unaziba matundu yanayoizuia isisikie ya nyuma yake, nayo inaanza kusikia spika. Shika shina. Kichwa kikae sentimeta mbili hadi tano kutoka mdomoni, ukisogeza nyuma kidogo kwa noti kubwa. Nusu ya fundi ni monita, ile spika inayokurudishia sauti yako jukwaani: ikae mbele yako, ikitazama mkia wa maiki, upande ambao maiki nyingi za waimbaji hazisikii vizuri. Omba sauti yako tu kwenye monita, ngoma zipunguzwe. Monita ikikosekana, ziba sikio moja kwa kidole. Haipendezi pichani, ila koo litapona.

Unapigwa kila mahali, mfukoni hakuna kitu

*Wimbo wangu nausikia mpaka kwenye teksi za Wandegeya. Mbona silipwi? Sikuusajili. Nimeupoteza?* – Msanii chipukizi, Kampala

Hujaupoteza. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, kazi yako inalindwa tangu iliporekodiwa au kuandikwa, na usajili si sharti. Lakini siku ya ugomvi cheti cha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya rafiki zako.

Jua kwamba una mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodia, na rekodi yenyewe. Prodyuza aliyetengeneza mdundo bila mkataba anaweza kudai sehemu ya zote mbili, na hapo ndipo wengi huumia. Kabla hujatoka studio, andikeni karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, nani ametunga asilimia ngapi, rekodi ni ya nani, mdundo umelipiwa au una mgawo. Saini zote. Kisha jiunge na UPRS, chama kinachokusanya malipo ya nyimbo zinazopigwa, na uorodheshe kila wimbo kwa jina lilelile, herufi kwa herufi. Wimbo ulioandikwa kwa tahajia tatu ni nyimbo tatu, na fedha zake hazikutani. Kwa mitandao, mwambie msambazaji akupe namba ya ISRC, yaani namba ya utambulisho, ya kila rekodi.

Mume anarudi alfajiri

*Mume wangu anapiga kinanda. Anarudi saa kumi na moja asubuhi, analala, watoto wakitoka shule yeye anaondoka. Nikisema, anasikia kwamba naichukia kazi yake.* – Mama wa watoto watatu, Mbale

Mama, usilianze jambo hilo anapoingia mlangoni. Mtu aliyetoka jukwaani mwili wake bado uko juu kwa saa kadhaa, kila neno ni shindano. Jumatatu au Jumanne kazi huwa chache. Chagueni moja iwe ya nyumbani, simu ikae kabatini kuanzia saa kumi jioni hadi watoto walale. Tundika kalenda ukutani, aandike kazi zake kwa wino mwekundu siku ileile anayopokea advansi. Desemba itakuwa nyekundu tupu, na angalau mtaiona ikija. Yeye naye atundike pazia zito chumbani alale kwa muda wa saa saba bila kukatizwa, kisha awe ndiye anayewapokea watoto getini. Ni dakika arobaini tu kabla ya kwenda kwenye mazoezi, lakini ni zake na wao, na wewe usizitumie kumtuma dukani.