Muulize Shangazi: Soda ya kubishania waziri wa Pakistani

Shikamoo shangazi. Mimi na kaka yangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema Sherry Rehman wa Pakistani ni mwanamazingira wa kweli. Mimi nasema ni mwanasiasa aliyepewa wizara ya mazingira kama ambavyo angepewa ya michezo. Atakayeshindwa ananunua soda. Tuamulie. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Nyote wawili mmemsahau mhariri. Kabla ya siasa, Rehman aliongoza jarida la Herald la Karachi kwa miaka kumi, kuanzia 1988. Nami nimezeekea kwenye kiti cha namna hiyo, kwa hiyo usishangae nikimpendelea kidogo.

Bungeni aliingia 2002 kupitia PPP, chama cha Benazir Bhutto. Mwaka 2008 akawa waziri wa habari, na Machi 2009 serikali ya chama chake mwenyewe ilipoanza kubana televisheni, akajiuzulu. Gari la wizara huwa haliachwi kirahisi hivyo! Mwishoni mwa 2010 akapeleka muswada wa kuondoa adhabu ya kifo kwenye sheria ya kukufuru. Januari 2011 Salman Taseer, gavana wa Punjab aliyekuwa na msimamo kama wake, aliuawa kwa risasi za mlinzi wake. Rehman naye alitishiwa kuuawa. Baadaye alikwenda Washington kuwa balozi, na 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza upinzani katika Seneti.

Wizara ya mabadiliko ya tabianchi aliipata Aprili 2022. Hata mwezi haujaisha, Mei 7, daraja la Hassanabad huko Hunza, kaskazini mwa Pakistani, likasombwa. Mto wa barafu wa Shisper ulikuwa umeziba bonde, maji yakajaa nyuma yake, joto kali likayeyusha barafu, ziwa likafumuka. Rehman akaisambaza video. Nimeitazama mara tatu: maji ya rangi ya tope yanakula udongo chini ya nguzo, daraja linapinda, kisha kipande kizima kinazama. Hakuandika ripoti ya kurasa mia. Alijua picha ipi iende ukurasa wa mbele.

Kisha zikaja mvua. Watu milioni 33 waliathirika, zaidi ya 1,700 wakafa, katika nchi inayotoa chini ya asilimia moja ya hewa ukaa ya dunia. Novemba, kwenye COP27, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi huko Misri, Pakistani ikiwa mwenyekiti wa G77, kundi la nchi zinazoendelea, ikakubaliwa kuanzishwa mfuko wa kufidia hasara na uharibifu, jambo ambalo nchi maskini zilikuwa zimelidai kwa takriban miaka thelathini. Si kazi yake peke yake, lakini hoja hiyo aliisemea bila kuomba radhi.

Ninapomkaba ni nyumbani. Jimbo la Sindh, lililozama kuliko kwingine, linatawaliwa na chama chake tangu 2008. Nchi tajiri zimechafua hewa, sawa, ila si wao waliopaswa kuzibua mitaro ya Sindh na kuimarisha kingo za mifereji yake.

Uwaziri ulikoma Agosti 2023. Kama wewe ungekuwa umepatia, sasa angekuwa anahangaikia mambo mengine. Lakini bado anaisumbua serikali kuhusu tabianchi akiwa Seneti, bila wizara. Mnunulie kaka yako soda, ndogo.