Sijawahi Kukopa, Lakini Nilikuwa Mdaiwa

Alhamisi mashine yangu ya kushonea, ya ovaloki, imeshuka bandarini Mkoani hapa Pemba, nikaikodishia gari mpaka Chake. Picha nikaitia stetasi, na tangu hapo simu haipoi: "Dada, umepataje?" Haya, leo nasema. Na nitasema yote, maana mashine hii ilikuwa iwe dukani kwangu tangu mwaka jana.

Mie nashona sare za skuli. Mshonaji yeyote anajua Januari ni nini. Niliomba taasisi moja ininunulie mashine kwa murabaha: wainunue wao, waniuzie mie, nilipe kidogo kidogo. Riba sitaki. Barua ya sheha ninayo, wadhamini ninao, fomu nimeijaza kwa hati nzuri. Nikaitwa ofisini. Yule kijana akatazama kompyuta yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje: "Mama, una deni hujalipa."

Deni! Mie ambaye hata sukari dukani sichukui kwa daftari! Nikacheka. Yeye hakucheka. Na kwenye lile benchi alikuwepo jirani yangu. Magharibi haijaadhiniwa, mtaa mzima ushajua kuwa nimekopa nikakimbia. Wengine walikuja kunipa pole, na pole zile ziliniuma kuliko maneno. Jirani nishamsamehe kwa mdomo. Kwa moyo bado.

Deni lenyewe lilikuwa mkopo wa simu, shilingi 85,000, uliochukuliwa kwa laini nisiyoijua namba yake. Lakini imesajiliwa kwa kitambulisho changu na kwa kidole changu. Ndipo nikamkumbuka kijana anayesajili laini chini ya mwavuli sokoni, siku niliyokwenda kurudisha laini iliyopotea. "Kidole hakijashika, mama, weka tena." Nikaweka. "Tena kidogo." Nikaweka. Nina haraka, mtoto ananililia mgongoni. Ushahidi wa kumshika nao sina, ila kidole changu sijakiweka mara tatu pahala pengine popote.

Sasa sikilizeni. Mkopo wa simu nao ni mkopo, hata ukiwa wa elfu tano. Benki Kuu imetoa leseni kwa kampuni zinazokusanya taarifa za wakopaji, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, na kanuni zake zipo tangu 2012. Mkopeshaji akitaka kukujua hakuulizi wewe, anauliza huko. Nilikuwa nikijisemea mie sili riba, hayo hayanihusu. Kumbe hata wa murabaha wanatazama humo humo. Na haki unayo: ripoti yako unaweza kuiomba, na kilichoandikwa kwa makosa unaweza kukipinga.

Kupinga kwenyewe sikuelezeeni, kunachosha. Polisi nikapata namba ya RB, yaani ya taarifa yangu kwenye kitabu chao, nikaandika barua, nikaambiwa njoo kesho, kesho ikawa miezi. Januari ikanipita na sare wakashona wengine. Mwisho jina likasafishwa, na yule kijana wa ofisini safari hii alinivutia kiti mwenyewe.

Wewe unayenisoma najua una biashara yako na unataka ikue. Basi leo hii, kabla hujalala, piga *106# utazame namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Una laini za mitandao miwili? Piga kwa zote mbili. Ukiambiwa kidole hakijashika, uliza kwanza kimeshindwa nini, usiweke tu kama nilivyoweka mie. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, halafu watu wanazimwaga kwenye magrupu ya WhatsApp eti ya kuchangia kikoba! Kivuli cha kitambulisho ukikitoa, andika juu yake umekitoa kwa kazi gani. Meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" msizicheke mkazifuta, zipelekeni 15040, namba ya kuripoti matapeli. Na piga *106#. Nshasema? Narudia.

Maana sisi watu wa Pemba tuna tabia. Karafuu ikiwa juani hatubanduki, wingu likitanda tunakimbia kuianua. Kitambulisho je? Tunamwachia yeyote mwenye meza na mwavuli, tunakwenda zetu kununua samaki, tukirudi tunasema ahsante. Hatuulizi, tunaona haya. Haya ya nini? Mie ile haya imenila Januari nzima.

Jana nilikwenda Wete kwa mama, nikamwomba simu yake. Kizee cha watu, kazi yake kupokea simu za wajukuu tu. Nikapiga *106#. Zimetoka namba mbili asizozijua. Jumatatu tunakwenda naye kuzifuta.