Nawaunga Mkono, Lakini Watupe Siku za Kutosha

Katika toleo lililopita mliuliza: marubani wa mashirika ya ndege wanapofikiria kugoma ili kudai mishahara na masharti bora ya kazi, abiria asimame upande gani? Nasimama upande wa marubani. Nasema hivyo nikiwa abiria wa Pemba, yaani mtu ambaye ndege isiporuka hana barabara ya kupitia wala basi la kukimbilia, na ambaye kwa hiyo mgomo ukitokea atakuwa miongoni mwa wa mwanzo kuumia. Nimesomesha skuli hapa Chake Chake kwa miaka 29 na sasa nimestaafu. Sina ndugu wala mtoto anayerusha ndege. Nilichonacho ni safari nyingi nilizofanya na marehemu mama yangu, na moja kati ya hizo ndiyo iliyonifundisha jibu hili.

Kwa muda wa miaka miwili nilimpeleka mama Unguja kila baada ya wiki 3 kwa matibabu. Boti ya kutoka bandari ya Mkoani ilikwishamshinda, kwa sababu wakati wa kusi mkondo wa Nungwi humlaza hata kijana mzima, sembuse mwanamke mwenye umri wa miaka 74 aliyetoka kutundikiwa dawa. Tukawa tunapanda ndege ndogo ya injini moja, ile ambayo kabla ya kupanda hupimwa uzito wenu pamoja na mizigo yenu, na abiria mmoja huketishwa mbele, kiti cha pembeni ya rubani, kwa kuwa rubani huyo yuko peke yake. Mara kadhaa niliketishwa mimi. Kabla ya kila safari nilimwona rubani akiizunguka ndege kwa miguu, akipapasa ukingo wa bawa kwa kiganja, akikinga mafuta kidogo kwenye kichupa na kukiinua juani ili atazame kama yameingia maji. Baada ya hapo alisaidia kupakia mizigo, akafunga mlango, akahakikisha kila mmoja amefunga mkanda. Nusu saa baadaye tulikuwa Unguja, naye alianza upya na abiria wa Dar es Salaam.

Siku moja ya mwezi wa Julai tulikuwa uwanjani Unguja tangu saa saba mchana tukingoja kurudi nyumbani. Ndege ilichelewa, ikachelewa tena. Ilipofika saa kumi na nusu rubani alitoka, kijana ambaye tulikwishasafiri naye, akatuambia kwamba hatoweza kuondoka: alianza kazi alfajiri, amepaa na kutua mara nyingi siku hiyo, na saa zake za kazi zimekwisha. Rubani mwengine hakuwapo. Watu walikasirika, na mmoja alimuuliza mshahara anapokea wa nini. Na mimi, nalieleza hili kwa majuto, nilipaza sauti pamoja nao, kwa sababu mgonjwa wangu alikuwa ameegemea begani kwangu. Yule kijana alimwinamia mama na kumwambia, “Niwie radhi, bi mkubwa. Nikikuchukua sasa hivi, nakuchukua na usingizi wangu.” Mama alinyanyua uso akatujibu sisi, hakumjibu yeye: “Mwacheni mwanangu akalale. Na mie nitalala.”

Tulilala kwa jamaa Kikwajuni. Asubuhi rubani alikuwa yule yule, na kiti cha mbele nilipewa mimi. Tulipokwisha kupaa nilimwomba radhi. Aliniambia kwamba jana yake alipigiwa simu mara tatu akitakiwa aende hivyo hivyo, kwamba mkataba wake ni wa miezi michache na unakaribia kumalizika, na kwamba mshahara wake wa msingi ni mdogo, kinachomlisha ni nyongeza ya kila saa anayoruka. Kwa maneno mengine, kila alipokataa kuruka alijikata kipato mwenyewe na kuuweka mkataba wake mashakani. Nilimtazama mikono yake kwenye usukani huku Tumbatu ikipita chini yetu, nikafahamu kwamba usalama wangu na wa mama ulikuwa umefungwa kwenye karatasi ya ajira ambayo sisi abiria hatuioni na wala hatujawahi kuiulizia.

Hapo ndipo ninapoona swali lenu lilipo. Tunapozungumza juu ya mishahara ya marubani tunazungumza kana kwamba ni shauri la mfuko wa mtu binafsi, na masharti ya kazi tunayachukulia kuwa ni starehe anazojiombea. Lakini masharti yenyewe ni yepi? Ni saa ngapi afanye kazi, apumzike muda gani kabla ya kurudi tena, nani apange zamu, na apate ulinzi gani anaposema kwamba leo hafai kuruka. Rubani anayelipwa vizuri, mwenye mkataba wa kueleweka na chama nyuma yake, anaweza kukataa. Yule anayehesabu saa za kuruka ili alipe kodi ya nyumba, na deni la masomo ya urubani ambayo hugharimu makumi ya maelfu ya dola, kukataa kwake ni kugumu sana, hata awe na moyo gani. Wazee wetu walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na mfanyakazi mmoja mbele ya kampuni nzima ni mnyonge hata akiwa amevaa mistari minne begani.

Wamarekani walijifunza hili kwa msiba. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Bodi ya uchunguzi ilisema chanzo ni namna kapteni alivyoijibu vibaya tahadhari kwamba ndege inapungukiwa na mwendo, na ikaongeza kwamba yumkini uchovu ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili. Lakini lililowashitua watu zaidi ni maisha ya rubani msaidizi: mshahara wake ulikuwa kiasi cha dola 16,000 kwa mwaka, aliishi upande wa Seattle, na usiku wa kuamkia safari hiyo aliivuka nchi nzima kwa ndege ili afike kazini. Familia za waliokufa hazikuridhika na maelezo ya kosa la kapteni peke yake. Zilikaa mlangoni mwa wabunge mpaka sheria ikatungwa mwaka 2010, na kuanzia Januari 2014 rubani wa ndege za abiria huko anapaswa kupata mapumziko yasiyopungua saa 10 kabla ya zamu, ndani yake mkiwamo nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Abiria ndio waliodai mapumziko ya rubani! Laiti sisi tungekuwa na akili hiyo pale uwanjani siku ile.

Nasi tuna msiba wetu, ijapokuwa ni wa baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama Nungwi ikija huku kwetu. Uwezo wake ulikuwa kiasi cha abiria 600, na tume ya uchunguzi ilikuta kwamba ilichukua zaidi ya 2,000. Sijui mtaa wa Pemba usiokuwa na nyumba iliyopoteza mtu. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia kwamba mwenye dhamana ya chombo amesema “hapana, hiki hakiendi,” nataka kumshukuru kabla sijauliza nitachelewa kiasi gani.

Mtu ataniambia kwamba kukataa safari moja kwa ajili ya uchovu ni jambo moja, na kuzisimamisha ndege zote kwa ajili ya fedha ni jambo jengine. Ni kweli, si mamoja, na sitaki kuficha tofauti hiyo. Chukueni mgomo uliokuwa karibu nasi kuliko yote, ule wa marubani wa Kenya Airways ulioanza tarehe 5 Novemba 2022. Walikuwa kiasi cha marubani 400. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: shirika lirejeshe mchango wake katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, na walipwe malimbikizo ya mishahara iliyokatwa mwaka 2020 wakati wa korona. Maelfu ya wasafiri walikwama Nairobi, na wageni waliokuwa wakija Zanzibar kupitia huko walivurugikiwa. Mahakama ilikwishauzuia mgomo kabla haujaanza, nao wakagoma; siku ya nne iliwaamuru warudi kazini ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, na wakati huo huo ikalikataza shirika kuwachukulia hatua za nidhamu.

Kuipuuza amri ya mahakama siungi mkono, kwa sababu chama kinachotaka mwajiri aheshimu mkataba hakina budi kuheshimu sheria. Madai yenyewe, hata hivyo, nayaona ni ya haki kabisa. Hao ni watu waliokubali kukatwa mshahara ndege zilipokuwa zimelala chini, kwa matarajio kwamba zikiruka tena watarudishiwa. Wenzangu wastaafu wanaosema marubani wana tamaa kwa kuwa wanapokea mara nyingi zaidi ya mwalimu, nawaomba wafikiri kidogo. Kiinua mgongo changu kingezuiwa miaka miwili na nusu ningekaa kimya kwa sababu mkulima wa karafuu anapata chini yangu?

Sheria zetu nazo haziwanyimi marubani haki ya kugoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeorodhesha huduma muhimu ambazo watumishi wake hawagomi ovyo, na humo wamo waongozaji wa ndege na watu wa mawasiliano ya anga, lakini marubani hawakutajwa. Shirika la Kazi la Dunia nalo lina msimamo huo huo. Kwetu Zanzibar mambo yana sura mbili: usafiri wa anga ni jambo la Muungano, lakini kazi na ajira si la Muungano, na tuna sheria zetu wenyewe mbili za mwaka 2005, ya ajira na ya uhusiano kazini. Kwa hiyo leseni ya rubani na saa zake za kuruka zinasimamiwa na mamlaka ya Muungano, na mkataba wake akiajiriwa na kampuni ya hapa unatazamwa na sheria ya Zanzibar. Nadhani mwanya huu ndio unaomfanya kijana kama yule niliyemsimulia asijue aende kulalamika wapi, na ningependa Wawakilishi wetu waupe wakati.

Sheria hiyo ya Bara inataka usuluhishi kwanza, kwa kawaida siku 30, kisha wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Nakubaliana na ngazi zote hizo. Ninachokipinga ni kwamba taarifa inaelekezwa kwa mwajiri tu. Mwajiri wa ndege ana wanasheria na ana ofisi. Mwenye mgonjwa Micheweni anajua habari akifika uwanjani na begi lake. Saa 48 zingemtosha mtu wa London, ambako marubani wa British Airways walipogoma tarehe 9 na 10 Septemba 2019 watu walikuwa na treni na mashirika mengine chungu nzima. Haziwatoshi watu wa visiwani.

Visiwa hivi vyenyewe si vigeni kwa migomo. Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja waliweka mizigo chini kwa sababu maisha yalipanda na ujira haukupanda, na mji mzima ukawafuata. Tulipokuwa wadogo wakubwa wetu walitusimulia habari hiyo kwa fahari, na sijapata kusikia mtu akiwalaumu makuli kwa vyakula vilivyochelewa dukani.

Ninachowaomba marubani wetu, na chama chochote kitakachowasemea, ni kwamba wakifikia kugoma watutangazie siku 7 kabla, na watutangazie redioni, si kwenye simu za walio nazo peke yao. Waache ndege moja kwa siku kati ya Chake Chake na Unguja kwa ajili ya wagonjwa na maiti. Na kampuni zirudishe nauli bila ya kumzungusha mtu madirishani. Siku 7 zinatosha. Kadi ya kliniki ya mama ilikuwa na tarehe zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu mwezi mzima mbele, na kama tungepata wiki moja ya kujua, ningekwenda kuomba tarehe ibadilishwe, au ningekata tiketi ya boti ya siku iliyotulia bahari, nikamtandikia mama godoro chini, tukaondoka Mkoani asubuhi.