Kabla hujanunua mashine ya viatu, angalia kwanza lundo liko wapi

Nina miaka 12 kwenye kiwanda cha viatu, nilianzia kwenye gundi nikaenda kushona na sasa ni supavaiza wa laini ya uzalishaji, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho. Kama unafikiria kuleta teknolojia mpya kiwandani au hata kwenye karakana ndogo, cha kwanza kabisa nenda kasimame kwenye laini uone viatu vinalundikana wapi. Mashine ukiiweka mahali ambapo kazi ilikuwa inaenda vizuri, umeongeza lundo tu.

Sisi tuliletewa mashine ya kukatia ngozi ya kompyuta. Unatandika ngozi, inapigwa picha, programu inapanga vipande halafu kisu kinakata. Zamani tulikuwa tunakata kwa presi na visu vya chuma, kila saizi na kisu chake, kwa hiyo ikija modeli mpya unasubiri kwanza visu vitengenezwe. Mashine yenyewe ni nzuri sana, mabaki ya ngozi yalipungua kweli. Lakini wiki ya pili mabunda ya vipande yakajaa chini ya meza za kushona mpaka pa kupita hakuna, na jioni ukihesabu viatu vilivyoingia kwenye maboksi ni vilevile vya siku zote.

Nikachukua simu, nikaweka saa, nikakaa na washonaji siku tatu. Niliwaambia mapema kwamba siwapimi wao, napima kazi, manake mtu akidhani unamchunguza ataharakisha au atapunguza na namba zako zote zitakuwa za uongo. Hesabu yenyewe ni rahisi. Siku ina dakika 450 za kazi ukitoa mapumziko, sawa na sekunde 27,000, na sisi tulitakiwa kutoa pea 900, kwa hiyo kila hatua inatakiwa iachie pea moja kila sekunde 30. Sasa kushona kile kipande cha nyuma ya kisigino kulikuwa kunachukua sekunde 75 kwa pea na walikuwa wanashona watu wawili, yaani pea moja kila sekunde 37 na nusu. Piga hesabu, hapo hupati zaidi ya pea 720 hata ukilala kiwandani. Cherehani moja zaidi na mtu mmoja wa kuikalia vingetusaidia kuliko ile mashine kubwa, na huyo mtu tulikuwa naye tayari, alikuwa mkataji ambaye usiku halali anawaza ataachishwa kazi lini.

Jambo hili si geni kwenye viatu. Kule Lynn, Massachusetts, mji wa viatu wa Marekani karne ya 19, mashine za kushona zilishakuwepo lakini kazi yote ilikuwa inakwama kwa mafundi wa kuvuta ngozi juu ya kalibu, yaani ule mfano wa mguu ambao kiatu kinaumbwa juu yake, kwa sababu walikuwa wanafanya kwa mkono na fundi mzuri alikuwa anatoa kama pea 50 kwa siku. Jan Matzeliger, kijana mweusi aliyezaliwa Suriname mwaka 1852, alikuwa anafanya kazi palepale kiwandani, akawaangalia wale mafundi mikono yao inavyokwenda, na mwaka 1883 akapata hataza ya mashine iliyokuja kutoa pea 150 mpaka 700 kwa siku. Alifariki 1889, hata miaka 40 hajafika, na roho inaniuma kila nikikumbuka. Yeye aliigusa sehemu iliyokwama, hakuhangaika na nyingine.

Na usidhani kampuni kubwa hazikosei hapa. Adidas walijenga viwanda vya roboti Ansbach, Ujerumani, na Atlanta, Marekani, halafu Novemba 2019 wakatangaza kuvifunga na kuipeleka teknolojia ile kwa wasambazaji wao wa Asia, ambako ndiko viatu vyao vingi vinatengenezwa. Ngozi na kitambaa ni vitu laini, vinajikunja, vinavutika, mkono wa mtu unarekebisha bila hata kufikiria.

Hilo nilifundishwa na mama mmoja fundi wa siku nyingi. Viatu vilikuwa vinatoka kwenye kalibu vimepinda kidogo, mguu mmoja umevutika kuliko mwenzake, na tukawa tunalaumu mashine ya kuvuta ngozi juu ya kalibu. Yule mama akachukua kipande cha mbele akakivuta kwa vidole gumba, kwanza urefu halafu upana, akasema, "Mwanangu, hiki kimekatwa upande wa kuvutika." Ngozi haivutiki sana kufuata uti wa mgongo wa mnyama, inavutika kuelekea tumboni, na kipande cha mbele kinatakiwa upande mgumu uende kutoka vidoleni kuelekea kisigino. Sisi tulipoweka programu tuliiacha izungushe vipande inavyotaka ili isipoteze ngozi. Tukaifunga isizungushe, tukampa mama kalamu awe anazungushia makovu na sehemu legevu kabla ngozi haijatandikwa. Mabaki yaliongezeka kidogo lakini viatu vibovu vikapungua sana.

Kwenye gundi usikimbize kitu. Tuliwahi kuongeza kasi ya mkanda kwa amri ya ofisini, gundi ikawa haijakauka vizuri kabla soli haijabandikwa, na baada ya wiki chache viatu vikarudi vimefumuka. Halafu ile gundi yenye heksani, kemikali ya kuyeyushia gundi, inaharibu mishipa ya fahamu, mtu anaanza kufa ganzi vidole vya mikono na miguu, kwa hiyo weka feni za kuvuta hewa nje au hamia gundi ya maji, hiyo inahitaji joto zaidi kukauka lakini watu wako watabaki wazima.

Na malipo jamani. Kama watu wanalipwa kwa kipande, kubalianeni kabla mashine haijafika. Ukisubiri waongeze kasi halafu ukashusha bei ya kipande, hakuna atakayekuonyesha tena njia ya mkato anayoijua. Sisi tuliandika kwamba bei haishuki kwa mwaka mzima, na yule mkataji akalipwa wastani wake wa zamani muda wote aliokuwa anajifunza kushona.

Sasa wanashona watu watatu, kipande cha kisigino kinatoka kila sekunde 25, na lundo limehamia kwenye kalibu. Jumatatu naenda kukaa pale na simu yangu, nimeshamwomba yule mama tukae wote.