Onja Maji Kabla Hujaosha Gari

Juzi usiku, nimeshalala, simu ikalia mlio wa ujumbe. Kijana wa Wete, Pemba, hatujaonana uso kwa uso ila husoma ninayoandika. "Assalaam alaykum kaka. Gari yangu ya kwanza imo melini inatoka Japani. Nimeambiwa ni ya Hokkaido, na kule wakati wa theluji humwaga chumvi barabarani. Na sisi nyumbani ni pwani. Ninunue dawa gani ya kutu?"

Nikakaa kitako kitandani. Mke wangu akaniuliza nani amekufa.

Nilimjibu kwa sauti dakika sita nzima, halafu nikaona hazitoshi. Basi nimeona niandike, maana kijana gani wa Unguja au Pemba asiyeota gari yake mwenyewe yenye namba ya Z, ya kumpelekea mama hospitali na kupokelea wageni uwanja wa ndege? Mimi niliiota miaka kumi na moja. Nikaipata. Na nikaiua kwa mikono yangu miwili, huku watu wakinisifu kwa usafi.

Ilikuwa 2021, wageni wameanza kurudi baada ya korona. Nilikuwa nimeweka akiba tangu nikiwa utingo wa daladala za shamba. Nikavuka Dar es Salaam, nikaingia yadi moja ambayo jina lake nalihifadhi, nikaiona Noah, rangi ya fedha, inavuta matairi yote manne. Muuzaji akaitia kwenye jeki ili nichungulie chini. Kweusi kama wanja! Kumepakwa rangi mpya, kunang'aa. Nikasema moyoni, watu hawa wanajua kutunza. Habari za ushuru na makaratasi naziruka, aliyepita kule anazijua na asiyepita atapita. Ikashuka bandari yetu ya Malindi, Unguja, nikasoma dua, nikachinja kuku wawili, nikaifikisha nyumbani Jambiani saa kumi jioni ili kila mtu aione.

Na walioiona waliiona kweli. Wiki ya kwanza maji yalikuwa yametoka mbali, bamvua, zile siku bahari inapojaa sana na kupwa sana, nikaingia nayo mchangani nikapiga picha, minazi nyuma yangu na bahari mbele. Picha ile ninayo mpaka leo. Matairi yamezama kwenye mchanga mbichi na mimi nimekunja mikono kama mkuu wa mkoa.

Kila asubuhi baada ya sala nilikuwa naiosha. Ndoo nne, tano, sita, sabuni na sponji. Nilinunua hata pampu ya kuvuta maji kisimani ili niipige vizuri mpaka kwenye madigadi. Vijana wa maskani wakinitania: "Huyo akifa ataoshwa na gari yake." Nami nikifurahi, maana katika magari yote ya wageni kuanzia Paje hadi Makunduchi hakuna lililong'aa kama langu. Hilo nalisema bila kuona haya.

Shemegi yangu mmoja aliwahi kunambia, "Gari inaoshwa chini, wewe unaosha juu." Nikamwona ana kijicho. Shemegi, kama unasoma, nimeshakuomba radhi mara mbili na hii ni ya tatu.

Julai 2023, asubuhi, nawatoa wazee wawili wa Kanada Paje kuwapeleka uwanja wa ndege. Tumefika Jozani, pale penye matuta ya kuwanusuru kima punju. Nikakanyaga breki. Pedeli ikashuka mpaka kwenye kapeti, laini, kama mguu uliokanyaga tope la mikokoni. Breki haikufa yote, kwa sababu mfumo una njia mbili na ikipasuka moja ya pili hubaki, lakini ilibaki kidogo tu. Tuta likatupokea. Nikavuta breki ya mkono, tukasimama upande, kima wako juu wanatutazama. Chini, mafuta ya breki yanadondoka tone tone.

Nilitegemea matusi. Mzee yule akapiga magoti kwenye lami na suruali yake nyeupe, akachungulia tumbo la gari, akaanza kucheka. Akanambia kitu hiki anakijua tangu utoto. Kwao magari huliwa na kutu hivi kila msimu wa baridi, na paipu za chuma za breki ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kwenda. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akawachukua, ndege wakaiwahi. Mzee hata bakhshishi alinitumia. Lakini nyumba ya wageni iliyokuwa ikinipa kazi kila wiki haikunipigia tena. Miaka miwili nimewabebea watu wao saa nane za usiku, bila kuchelewa hata siku moja. Basi, yamepita. (Hayajapita, lakini tuendelee.)

Gari ikavutwa mpaka Mwanakwerekwe kwa fundi mmoja wa bodi, mzee wa makamo, mpole. Akalala chini na bisibisi. Akaidunga ile rangi nyeusi kama wanja, bisibisi ikaingia kama kidole kwenye boflo. Akadunga boksi la chini ya mlango, ikaingia. Akadunga pale springi ya nyuma inapokaa, akanyamaza. Kisha akatoka akajifuta mikono.

"Mwanangu, hii walioiuza waliivalisha kanzu juu ya kidonda. Lakini kidonda hiki kimekula chumvi mpya pia. Unaioshea nini?"

"Maji, fundi."

"Maji gani?"

Nikataka kujibu, jibu likanikwama. Maji ya kisima cha nyumbani, Jambiani, hatua themanini kutoka ufukweni. Kisima ambacho bibi yangu hakubali maji yake yaingie kwenye chai. Kisima ambacho sabuni haitoi povu. Miaka miwili, kila asubuhi, kwa pampu niliyoinunua kwa pesa yangu, nilikuwa naichanja gari yangu kwa maji ya chumvi.

Sasa nieleze kidogo, maana niliyasoma haya kwa uchungu. Maji huganda kwenye nyuzi 0, na ukiyatia chumvi hayagandi mpaka baridi izidi sana. Ndiyo maana nchi za theluji humwaga chumvi njiani, ile ile ya kawaida na nyengine inayoitwa kloridi ya kalisi. Japani zamani walitumia sana matairi yenye misumari, lakini yalichimbua lami na vumbi lake likawadhuru watu, sheria ya mwaka 1990 ikayapiga vita na chumvi ikazidi kutegemewa. Gari hupita humo, tope la chumvi huruka chini na kujikita kwenye mikunjo ya bati. Si suala la gari mbovu. Hata Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali kukagua na kubadilisha chasisi zilizoliwa na kutu za baadhi ya pikapu zake.

Na hapa ndipo watu wetu hujidanganya: "Ikifika kwetu hakuna theluji, kutu itasimama." Isimame wapi? Nenda jikoni kwa mama msimu wa masika uitazame chumvi kwenye kopo. Imelowa, na hakuna aliyeitia maji, ndiyo maana hutia punje za mchele. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu unyevu imejaa tele. Kwa hiyo ile iliyojificha kwenye mikunjo tangu Sapporo, mji wa Hokkaido, huku kwetu hailali. Chuma, hewa na maji vinatosha kuleta kutu, chumvi hufanya kazi iende mbio. Kisha kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndipo unaona rangi inavimba kama andazi. Ukiona uvimbe juu, chini kumeshakwisha.

Ongeza bahari yetu. Lita moja ya maji yake ina gramu 35 hivi za chumvi, na kusi likivuma linakurushia marasharasha yake mpaka uani. Anayekaa Paje, Nungwi, Mkoani, yuko kwenye barabara yenye chumvi mwaka mzima.

Basi kijana wa Wete, na wengine mnaosubiri meli. Dawa unayoniuliza itakuja, lakini kwanza onja maji. Wallahi, yatie ulimini. Kama yana chumvi, hata kidogo, yasiguse gari. Mimi sasa nina pipa chini ya bati la nyumba, linajaa mvua za masika na vuli, na maji yake ni ya gari tu. Watoto wanajua. Yakiisha naipeleka mjini kwa waosha magari wenye rampu na bomba la maji ya mfereji, nawaambia: juu mtafanya mkipenda, chini ndiko nilikolipia. Nyumbani nilichukua bomba la plastiki, nikalitoboa matundu madogo upande mmoja, nikaziba mwisho, nikaliunga na mpira wa maji. Nalisukuma chini ya gari, linarusha juu kama chemchemi. Halina uzuri, lakini linafika mahali sponji langu la 2021 halikufika hata siku moja.

Mvua kubwa ikinyesha, usiifunike gari. Toka nayo. Mungu anakuoshea bure.

Ukitaka kununua, omba karatasi ya mnada ya Japani. Ina mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, lakini macho yako yatafute S na C. S ni kutu, kwa Kijapani sabi, na C ni kutu iliyokwishaanza kula. Yangu nilikuja kuitafuta baadaye, gari imeshakufa. Zilikuwepo zote mbili, na mimi siku ya kununua niliuliza gredi tu, ile alama ya jumla ya gari. Hiyo nguvu ya kuvuta matairi yote manne niliyojivunia nayo ni dalili. Haina maana kila gari ya hivyo imetoka thelujini, lakini wanaokaa thelujini ndio wanaoihitaji zaidi. Na chini kukiwa kweusi, kupya, kunang'aa kwenye gari ya miaka kumi na tano, uliza kwa nini. Beba bisibisi. Muuzaji akikukataza kudunga, funga mkoba uondoke.

Kuhusu dawa zenyewe. Usipake kitu juu ya kutu iliyolowa, utaifungia maji ndani na yatakula taratibu bila kuonekana. Osha, kausha juani siku mbili, sugua kwa brashi ya waya, tia dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha rangi ya zinki, ndipo ile nyeusi. Ndani ya maboksi, ambako brashi haifiki, hupulizwa nta. Tafuta matundu madogo chini ya milango, ni ya kutolea maji, yazibue kwa waya. Na oili chafu? Najua gereji nyingi watakwambia piga oili chafu. Nimepiga. Ililainisha mipira ya bushi, ikakusanya vumbi la Jambiani lote, na iliyobaki ilidondoka uani. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, kinachodondoka uani hakichelewi kufika kisimani.

Lakini nasema tena, maji. Wanaume wa siku hizi tunapenda kusifiwa kinachoonekana. Unaosha kioo unachojitazamia, unapaka matairi mafuta yang'ae, na kilichokubeba wewe na watoto wako hujakiinamia tangu siku ya kununua. Nakuambia kama mtu aliyeinama amechelewa. Kazi ya kuchomelea ingegharimu karibu nusu ya gari, na fundi mwenyewe akasema hatoiweka dhamana roho yake. Niliiuza vipande vipande. Injini iko Chake Chake sasa, inafanya kazi, nasikia. Milango ilikuwa mizuri mno, fundi alisema hajaona milango iliyotunzwa vile.

Gari niliyonayo leo ni ndogo, ya kuvuta mbele tu, nimeikagua kwa tochi nusu saa huku muuzaji akiguna. Wiki iliyopita imepita ukaguzi, na mkaguzi alipotoka chini aliniuliza kama naiweka bara. Nikamwambia iko Jambiani. Akarudi chini kutazama tena. Sitasema nilijisikiaje, lakini nilimpigia shemegi kabla ya kuwasha injini.

Leo asubuhi kijana wa Wete kaniandikia. Ameamka alfajiri akaenda kisimani kwao, akateka, akaonja. "Kaka, alhamdulillahi, maji matamu."

Nikamwambia aonje tena bamvua likija.